Birika la Mwitaliano na taa ya babu

Wiki iliyopita nilituma picha moja kwenye grupu la familia: kibanda cha mabati yenye kutu, ukuta wa ndani umezibwa kwa magunia, kitanda cha chuma, na juu ya jiko la kuni birika limekaa kana kwamba mwenyewe katoka kidogo kwenda kuteka maji. Sikuandika maelezo yoyote. Binamu yangu wa Singida mjini akajibu fasta: "Kaka, umepanda ndege kwenda Ulaya kuangalia banda la Mjomba?"

(Australia si Ulaya. Nimeshaeleza mpaka nimechoka. Kwa shangazi zangu, kila nchi inayofikiwa kwa ndege kubwa ni Ulaya, na mimi nimesalimu amri.)

Banda lenyewe liko Gwalia, pembeni ya mji mdogo wa Leonora, Australia Magharibi, zaidi ya kilomita 800 kutoka Perth ninakoishi. Mimi ni fundi mitambo migodini, wiki mbili kazini, moja nyumbani. Siku hiyo nilikuwa na nafasi, jua linawaka, kila unakotazama ni vumbi jekundu, na mwenzangu akasema twende tukaone makumbusho. Nikajua nusu saa tutakuwa tumemaliza. Tulitoka jua likizama, nzi wametunywea jasho lote.

Kisa cha Gwalia ni hiki. Mgodi wa dhahabu ulianza miaka ya 1890, na mwaka 1898 akaja meneja kijana wa miaka 23, Herbert Hoover, huyo huyo aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Hoover alipenda kuajiri Waitaliano kwa sababu walikubali ujira mdogo na hawakuwa na vyama vya kuwapigania. Wakajijengea vibanda kwa walichookota: bati, magunia, mbao za masanduku. Wakachimba, wakazaa, wakazeeka. Halafu Desemba 1963 mgodi ukafungwa. Mji wa watu kama 1,200 ukabaki na kama 40 ndani ya wiki tatu tu. Watu walibeba walichoweza, kingine wakakiacha hapo hapo. Mwaka 1972 wachache waliokuwa karibu wakaamua kwamba hivyo vilivyobaki vitunzwe. Mnara wa mbao wa winchi bado umesimama, na mtambo wa mvuke uliovuta mawe kutoka chini upo. Baadaye mgodi ulifunguliwa tena, na leo wanachimba kina cha zaidi ya kilomita moja, vibanda vya wazee vikiwa pale pale juu.

Nyumba ya meneja iko kilimani, imetunzwa, unaweza hata kulipia ukalala humo. Hilo halikunishtua. Mkubwa hutunziwa vitu vyake kila mahali duniani. Kilichonigandisha mlangoni ni birika la kibarua.

Ndani ya kile kibanda nilimkuta bibi mmoja, mgeni kama mimi, anapiga picha jiko. Akaniambia babu yake alitoka Italia akafanya kazi chini ya ardhi pale pale. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Na babu yako? Nikamwambia naye alikuwa mchimbaji, kwenye mgodi wa dhahabu kwetu Tanzania. Bibi akafurahi kama tumegundua ni ndugu. "Una kitu chake chochote?" Nikajifanya nasoma maandishi ukutani.

Sasa nisikilizeni. Kwetu ni Shelui, mkoani Singida. Sekenke ninyi mnaijua kama mlima, ule ambao malori yakifeli breki tunasikia kwenye taarifa ya habari, na basi likianza kushuka hata mlevi wa siti ya nyuma anamkumbuka Mungu. Lakini Sekenke ni mgodi kabla ya kuwa mlima wa ajali. Wajerumani walichimba dhahabu pale zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1916, vita imewabana na sarafu zimewaishia, wakachukua dhahabu ya Sekenke wakaipiga sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli pale Tabora, upande mmoja tembo kainua mkonga na nyuma yake milima. Leo sarafu hizo zinauzwa kwenye minada kwa maelfu ya dola, moja moja. Mimi nimekulia chini ya mlima huo, nimesoma mpaka kidato cha nne, na sikumbuki mtu kunitajia tembo yule. Nilikutana naye Perth, usiku, kwenye simu, nikitafuta vipuri vya gari.

Najua mtakachosema. "Kapata makaratasi, sasa anatufundisha." Makaratasi gani? Bado natembea na pasipoti ya Jamhuri ya Muungano na foleni zake zote za viza. "Makumbusho tunayo." Tunayo, na nimefika: ya Taifa pale Dar, Kijiji cha Makumbusho, Bujora kwa Wasukuma. Nenda ukaone ngoma za watemi, viti vya machifu, picha za viongozi, fuvu la Olduvai. Vizuri sana. Lakini nionyeshe koleo la manamba. Nionyeshe sufuria ya mtu aliyesukuma toroli Geita au Mwadui miaka ya 1950. Tunamkumbuka mtu akiwa mfalme au akiwa na miaka karibu milioni mbili. Waliopo katikati watajiju. Na tafadhali mtu asianze na mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Kila ukitaja makumbusho kwetu, lazima atokee mmoja aseme turudishiwe mjusi wetu kutoka Berlin. Arudi, sawa. Lakini taa ya babu yangu haikuchukuliwa na Mjerumani.

Mwingine ataniambia wanaotunza mabirika hayo ndio waliowanyang'anya ardhi wenyeji waliokaa pale maelfu ya miaka kabla ya bati la kwanza kufika. Huyo simbishii. Nimewaza jambo hilo njia nzima kurudi kambini, na kufika kwenye makumbusho hakukulifuta.

Ila binamu yangu ndiye aliyeniumiza kichwa, kwa sababu ana hoja. Aliniandikia tena: "Kaka, bati likikaa miaka sitini bila kuibiwa, jua hapo hakuna watu." Nilicheka peke yangu kantini. Ni kweli! Gwalia ilibaki kwa sababu walioondoka walikuwa na pa kwenda. Kwetu mgodi ukifungwa, kampuni inaondoka, watu wanabaki. Bati halimalizi usiku wa kwanza, na si kwa sababu sisi ni wezi, ni kwa sababu kuna mtu anavujiwa. Matimba (mbao za kushikilia kuta) ya duara (shimo la wachimbaji) lililokufa yanang'olewa yakashike duara jingine. Hata kifusi alichokitupa Mjerumani, sisi tumekirudia, tukakipitisha kwenye karasha la kusagia mawe, tukakitia zebaki, kikatoa ada za shule. Ningekuwa na kiburi mnachodai ninacho, ningeiita hiyo ujinga. Siiti hivyo. Mwitaliano angepata karasha naye angesaga.

Lakini tusijifiche nyuma ya umaskini kwa kila kitu, maana mimi najua kisa kimoja ambacho umaskini haukuhusika.

Babu mzaa mama alikuwa na taa ya kabaidi. Ya shaba, saizi ya ngumi, ya kufunga kwenye kofia. Alipewa mgodini enzi za Mwingereza na hakuirudisha. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Alipofariki, bibi akaiweka juu ya kabati karibu na Biblia. Mwaka 2003, niko kidato cha pili, akapita kijana wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Nikampa pampu mbovu ya baiskeli, masufuria mawili yaliyotoboka, na kwa kuwa shaba inalipa zaidi, nikaongeza ile taa. Hatukuwa na njaa siku ile. Nilitaka raba za mtumba ambazo rafiki yangu alikuwa nazo. Bibi aliitafuta taa kwa wiki nzima, akauliza kila mtu, mimi nikamsaidia kutafuta mpaka uvunguni.

Ndiyo maana bibi wa Kiitaliano hakupata jibu.

Jumapili nimempigia Mjomba, yule yule mwenye banda, bado anachimba. Nikamuuliza kama kuna chochote cha babu kimebaki. Akafikiri. "Sururu yake ipo."

"Iko wapi?"

"Ninayo mkononi, Mjomba, si niko kazini? Mpini nimebadilisha mara tatu, lakini chuma ni kile kile."

Nikamwomba asiitumie tena, aniwekee. Akanyamaza kidogo. "Nikuwekee uifanyie nini huko?" Nikaanza kumweleza habari za Gwalia, birika, magunia, nikasikia anamwambia mwenzake, "Ni mpwa wangu, yule wa Ulaya." Akarudi kwangu na bei ya sururu mpya, na nauli ya kuifuata Singida, na ya kurudi.

Nimetuma hela. Jana ameleta picha: sururu mbili zimeegemea ukuta wa bati, zote zina tope mpaka kwenye mpini. Nimekuza picha kadiri simu inavyoruhusu na sijaweza kujua ipi ni ya babu. Nimemwandikia asizioshe.