Umemaliza Longonot, lakini uko tayari kwa Lenana?

Kuna sheria fulani hapa Nairobi haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua, ati ukitaka kuenda Mlima Kenya lazima kwanza upitie Longonot. Vikundi vingi vya kupanda milima vinaitumia kama mchujo. Ukizunguka kreta yote na urudi getini kwa miguu yako, jina lako linaingia kwa listi ya Februari, ukikwama katikati unaambiwa kwa upole urudi vilima vya Ngong ukajipange. Alafu kuna wale washafika huko juu, hao nao wanakuambia Longonot na Mlima Kenya hazina uhusiano wowote, unachoma tu nauli na kula vumbi. Mimi naona wote wako na haki, shida ni kwamba wanaongea juu ya vitu tofauti, na ukiangalia hii milima venye imekaa utaelewa mbona.

Kwanza tuelewane, mtu wa Nairobi akisema anaenda Mlima Kenya karibu kila mara anamaanisha Lenana, mita 4,985, kilele cha tatu. Batian (5,199) na Nelion (5,188) ni miamba ya kamba na helmeti, hiyo tuwaachie wenyewe.

Sasa Longonot. Hii ni volkano changa imesimama peke yake chini kwa sakafu ya Bonde la Ufa, inasemekana mara ya mwisho ilifanya fujo miaka ya 1860 hivi, na hadi leo kuna mahali mvuke bado unatoka. Geti iko kama mita 2,150, kilele kiko 2,776, kwa hivyo unapanda mita mia sita na kitu tu. Ukisikia hivo unadhani ni mchezo. Lakini kupanda mpaka ukingo wa kreta ni kilomita kama tatu, kuzunguka ukingo ni zaidi ya saba, na ukijumlisha na kurudi umefanya karibu kilomita 13 na nusu, nyingi yake bila kivuli, jua la saa sita likikupiga kichwani na lile joto la bonde likitoka chini. Na ukingo wenyewe hauko sawa kama watu wanavyodhani wakiangalia picha. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na ile sehemu ya kuelekea kilele maji ya mvua yamechimba njia ikawa mfereji, mahali pengine unaweka mguu mmoja ukuta huu na mwingine ukuta ule, unashika mizizi, na yule mwenye yuko mbele yako anakumwagia jivu lote usoni.

Hiyo jivu ndiyo hoja ya kwanza ya upande wa Longonot na ni hoja nzito. Mteremko wa mwisho kutoka kambi ya Shipton kuenda Lenana ni changarawe na mawe yasiyoshikana, unapiga hatua mbili unarudi moja. Mtu mwenye miguu yake haijawahi kupanda kitu kinachoteleza atachoka mapema kwa sababu anapigana na ardhi badala ya kuipanda. Longonot inakufundisha kukanyaga polepole, mguu wote chini, usisukume na vidole. Inakufundisha pia mambo madogo yenye jimu haiwezi, kama vile buti zako zinakubana wapi ukishuka. Kushuka Longonot ndio kunaua kucha, si kupanda. Afadhali ujue hapo, karibu na barabara ya Mai Mahiu, kuliko ujue ukiwa mita 4,000 na bado uko na siku nzima ya kutembea.

Hoja ya pili ni ya watu, si ya mlima. Kwa kundi la watu ishirini kuna wenye watakimbia mpaka juu wapige selfi, kuna mwenye hatakunywa maji mpaka aanze kuumwa na kichwa, kuna mwenye atasema "niko sawa" hata akiwa amegeuka rangi. Kiongozi wa kundi anataka kuwaona hao wote mapema, na siku moja ya Longonot inawaanika vizuri sana, tena kwa bei ya chini maana asubuhi umetoka tao na jioni uko kwako unakunywa chai. Kwa hilo sina ubishi kabisa.

Lakini hapa sasa ndio upande wa pili unaingia. Chukua ile asubuhi ya mwisho ya Lenana peke yake. Kutoka kambi ya Shipton, kama mita 4,200, mpaka juu ni mita karibu 785 za kupanda. Yaani kimo hakijapita cha Longonot kwa mbali. Mbona basi huku watu wanafika ukingoni kwa saa moja na nusu na huko wanatambaa saa nne ama tano? Ni hewa. Nairobi tuko kama mita 1,700 na kitu, presha ya hewa ni kama asilimia 80 hivi ya ile ya pwani. Juu ya Longonot inashuka kidogo tu, asilimia 70 na kitu, na mwili wa mtu wa Nairobi hiyo hata hausumbuki nayo sana, tumezoea nusu ya njia tukiwa tumekaa tu kwa nyumba. (Mtu wa Mombasa mwenye ameshuka SGR jana usiku yeye atakuambia hadithi ingine.) Lakini juu ya Lenana presha ni kidogo zaidi ya nusu ya ile ya pwani. Kila pumzi unavuta inaleta karibu nusu ya oksijeni, na hakuna mazoezi ya miguu yenye itabadilisha hiyo hesabu.

Na hii ndio sehemu yenye watu wa mchujo wa Longonot huwanga hawapendi kusikia: kuwa fiti hakukukingi na ugonjwa wa mwinuko, ule unakushika ukipanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea hewa kidogo. Unaanza kusumbua watu kutoka mita 2,500 hivi kwenda juu, na haujali kama umemaliza maratoni. Tena mtu fiti anaweza kuwa kwa hatari zaidi kwa sababu anapanda haraka, anapita wenzake, anafika kambini saa nane mchana akijisikia shujaa, alafu ikifika saa tatu usiku kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi hakuna. Kijana mwenye alizunguka Longonot kwa saa nne na akasifiwa na kundi zima ndiye unapata ameketi nje ya kambi gizani, jaketi mbili, anatapika chai, na yule mama wa miaka hamsini mwenye alikuwa wa mwisho kila siku anafunga kamba za buti taratibu anangoja kuitwa. Si ati yeye ni mkakamavu zaidi, ni vile alienda pole na mwili ukapata muda.

Ukiangalia ramani shida inajionyesha yenyewe. Mlima Kenya pia ni volkano, lakini ilizima mamilioni ya miaka iliyopita na barafu ikaichonga mpaka ikabaki ile miamba ya katikati na mabonde marefu yametoka kila upande. Longonot iko na ukali wote mahali pamoja, Mlima Kenya imetandaza wake kwa siku tatu nne. Njia ya Sirimon inaanza geti kama mita 2,650, unalala kambi ya Old Moses kama 3,300, kesho yake unatembea lile bonde la Mackinder siku nzima, mteremko wa upole, senesio kubwa, ile mimea mirefu ya mlimani, zimesimama pande zote na pimbi wanakuangalia, hausikii kama umepanda, lakini jioni uko Shipton 4,200. Umeongeza mita 900 kati ya usiku mmoja na mwingine. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milima ni kwamba ukishapita 3,000 usiongeze mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku. Njia ya Naro Moru ndio kali zaidi, kutoka kambi ya Met Station (3,050) unaruka mpaka kambi ya Mackinder (kama 4,200) kwa siku moja, na hapo kati kuna lile tope la mlimani lenye linakula buti. Chogoria ni ndefu na ina mvua zaidi lakini inakupa nafasi ya kulala Lake Ellis, karibu mita 3,500, kabla hujapanda juu.

Kwa hivyo kinachoangusha watu Mlima Kenya ni mahali pa kulala, na Longonot hulali. Hata Elephant Hill, ule mlima wa Aberdare kule juu ya Njabini, yenye wengi wanasema ndio jaribio halisi kwa sababu inapita mita 3,500 na iko na mianzi, matope na ile baridi inaingia mifupani, bado unarudi Nairobi jioni hiyo hiyo. Satima, kilele cha juu cha Aberdare, karibu mita 4,000, hadithi ni hiyo hiyo. Ni mazoezi mazuri kuliko Longonot, utaonja baridi na utaonja hewa kidogo ya juu, lakini masaa machache juu ya mlima hayakuambii mwili wako utafanyaje saa nane usiku kwa 4,200, maji yameganda kwa chupa na tochi ya kichwani inakataa kwa sababu betri imeshikwa na baridi.

Baridi yenyewe pia inadharauliwa. Longonot unajifunza kubeba maji mengi na kofia. Lenana wanatoka kambini saa tisa usiku ama kabla, joto liko chini ya sifuri, na wanatoka mapema hivo si kwa sababu ya kuona jua likichomoza peke yake, changarawe ikiwa imeganda inashika mguu vizuri na mawingu huwa hayajapanda. Mtu amefika hapo na glavu za pamba za kuendea bodaboda. Nimewaona.

Sasa mimi nasimama wapi? Mchujo wa Longonot usitolewe, lakini usomwe vingine. Kiongozi asiangalie nani alimaliza wa kwanza. Aangalie nani alikunywa maji bila kuambiwa, nani alisema goti linauma kabla halijamshinda, nani alikubali kupunguza mwendo wakati alikuwa bado na nguvu. Hao watafika Lenana. Na mtu asinunue Longonot ya tano na ya sita akidhani anajenga mapafu, hizo pesa za nauli na kiingilio aziweke kando, zinunue usiku mmoja zaidi mlimani.

Najua usiku mmoja zaidi ni pesa. Kiingilio cha siku ingine, wapagazi, chakula, kitanda, na bosi wa watu wengi hapa mjini anatoa ruhusa ya Ijumaa ama Jumatatu peke yake, na ndio maana safari za siku tatu zinauza hivyo. Hiyo hoja siiwezi kuipuuza, mshahara ni mshahara. Ila hapo ndio nauliza wanaopanga safari: mbona tangazo linaonyesha picha ya bango la Lenana na bei, na halionyeshi utalala kimo gani kila usiku? Hiyo ni laini moja tu ya maandishi, na ndiyo yenye mteja anahitaji kuliko zote.

Kwa mwenye tayari amelipia siku nne, mpango ambao naona unafanya kazi kwa Sirimon ni kulala Shipton usiku mbili badala ya moja. Ile siku ya katikati unapanda polepole kuelekea Simba Col ama Hausburg Col (col ni ile njia ya juu katikati ya vilele viwili), unakaa huko juu kidogo, unarudi kulala chini, supu, usingizi. Ukiamka na kichwa kinauma lakini chakula kinapita, unaendelea kuangalia, hupandi mpaka kipoe. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, ama kukohoa na kukosa pumzi hata ukiwa umeketi, hiyo si ya kuombea wala ya kumeza dawa ya kichwa ungoje asubuhi, unashuka saa hiyo hiyo na mtu kando yako, usiku ama mchana. Na zile tembe za kuzuia ugonjwa wa mwinuko zenye watu wanagawiana kwa basi kama peremende, uliza daktari kabla, ukiwa bado Nairobi.