Mnyama Kanasa kwenye Bendiso

Ile video mmeshaiona, msijifanye. Imefika mpaka Morogoro kwa shemeji yangu, ambaye hajanipigia simu tangu harusi, na jana kanipigia kuuliza kama nimeshatoka. Nimetoka, shemeji, ahsante.

Aliyeirusha ni jirani yangu wa karakana hapa Keko, shabiki wa Yanga asiye na haya, na juu yake kaandika "Mnyama kanasa", mnyama ndiyo sisi wa Simba. Unachoona ni mgongo wa jezi nyekundu, bledi ya msumeno shingoni, na sauti ya mama mtu mzima inaitikia marahaba. Kilichotangulia hakimo. Yeye anapita akisema nilikuwa nachezea bendiso, ule msumeno wa mashine wenye bledi ya mkanda. Sikuwa nachezea. Nilikuwa kazini, na fensi yenyewe, ile ya kuegemezea mbao ikatwe imenyooka, niliifunga vizuri. Hilo nitalisema hata mbele ya hakimu.

Bendiso yangu hii mpya (mpya kwangu, maana imeshazunguka dunia) ni ya inchi 14, meza ya chuma cha kusubu, na haikuja na fensi. Nilikuwa nachana mninga kwa kufunga kipande cha mbao mezani kwa klampu mbili, na kila nikisukuma mbao kwa nguvu, kipande kinahama, ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule. Nikapita Gerezani, nikakuta fensi ya mtumba ya aluminiamu: reli ya mbele, fensi yenyewe, na mkono wa kukazia. Bolti hakuna, karatasi ya maelekezo hakuna, na matundu ya reli hayalingani na tundu lolote la meza yangu. Kawaida.

Nikaikamata reli kwa klampu kwenye ukingo wa mbele wa meza. Hapo kuna jambo la kuangalia: juu ya reli pasipande kuliko sakafu ya ule mfereji wa mezani inamoteleza geji ya kukatia pembe, maana pakipanda hata milimita moja, geji haiingii kutokea mbele. Nikapima kutoka uso wa meza hadi reli, mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, vikalingana. Nikapiga senta panchi. Nikatoboa kwa drili ya milimita 6.8, hiyo ndiyo ya thredi ya M8, yaani bolti ya milimita 8. Ukitumia 7.5 kwa sababu ndiyo iliyo mkononi, thredi inabaki haina nyama. Na chuma cha kusubu hutoboi kwa mafuta. Unga wake ukikutana na mafuta unakuwa tope, tope linaziba tepu (chuma cha kuchongea thredi), tepu inakatikia ndani, halafu unaanza kuulizana na Mungu. Kavu tu. Tepu nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma. Kwenye reli nikatoboa milimita 9, ili bolti ipate nafasi ya kuchezacheza wakati wa kunyoosha.

Mpaka hapo mnaona mtu anayejua anachofanya. Nawaomba mlikumbuke hilo mkifika mbele.

Katikati ya ukingo huohuo palikuwa na kipini cha chuma, kinene huku na chembamba kule, kimegongwa kwenye mdomo wa mkato wa meza. Kichwa chake kilikuwa kinazuia reli isilale sawasawa. Nikakigonga kikatoka, nikakitupia kwenye kopo la misumari. Dogo anayejifunza kazi kwangu akauliza, "Fundi, hicho kilikuwa cha nini?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye cheti: kinashika pande mbili za meza zisipishane kimo.

Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Ambalo dogo hakuuliza, na mimi sikujiuliza, ni kwa nini meza imekatwa hapo.

Kwa wasioijua mashine: bledi ya bendiso ni duara lililofungwa. Ya kwangu ina mzunguko wa inchi 93 na nusu. Haina ncha, kwa hiyo haiwezi kupenyezwa kwenye tundu la katikati ya meza. Ili iingie na itoke, lazima meza iwe na mkato kutoka katikati mpaka ukingoni. Mashine yangu ya zamani mkato ulikuwa unatokea kulia, unaigeuza bledi robo mzunguko ndipo inapita. Hii mkato unatokea mbele, bledi inakuja moja kwa moja kifuani kwako. Inatokea mbele, pale nilipofunga reli kutoka kona hadi kona.

Endeleeni kucheka, nasubiri.

Bado kuna gundi. Bendiso inatetemeka, na bolti zangu zikaanza kulegea. Nikaenda dukani kununua gundi ya nati. Ya bluu ni ya kawaida, ukitaka kufungua unaweka spana unafungua. Nyekundu haifunguki mpaka uipashe moto wa nyuzi 250 hivi. Muuzaji akaniuliza, "Utakuja kufungua?" Nikasema kazi yangu ni ya kudumu, lete nyekundu.

Kisha nikatafuta mwelekeo wa bledi, maana bledi nyingi hazikati sambamba na ukingo wa meza, zinavuta upande. Ukiifunga fensi kwa skwea tupu ukadhani umemaliza, mbao inabanwa kati ya fensi na bledi, au inaikimbia fensi. Unachora mstari sambamba na ukingo ulionyooka wa ubao, unakata kwa mkono bila fensi ukiufuata mstari, ukifika katikati unazima mashine bila kuusogeza ubao. Jinsi ubao ulivyolala mezani ndivyo fensi inavyotakiwa ilale. Unalegeza bolti za kichwa cha fensi, unailaza hivyo, unakaza. Nilifanya yote. Nikachana mninga vipande vya milimita 6, ncha hadi ncha havikutofautiana kwa jicho. Nilipiga picha. Hiyo picha hakuna aliyeirusha popote.

Sasa njooni siku yenyewe. Mama mmoja ameagiza kitanda cha sita kwa sita, na kichwani anataka urembo wa mawimbi ya kukunjana. Bledi iliyokuwemo ni ya robo tatu inchi, meno matatu kwa inchi, nzuri kwa kuchana, lakini kona haipindi. Kwa mikunjo ile unahitaji ya robo inchi, hiyo inapinda mpaka duara la nusu kipenyo cha milimita 16. Nikazima, nikachomoa waya ukutani. Nikafungua milango ya magurudumu, juu na chini. Nikalegeza springi ya kukazia, nikarudisha nyuma roda zinazoongoza bledi. Glavu mkononi. Jezi ya Simba mwilini, maana jioni kulikuwa na mechi.

Nikaitoa bledi kwenye gurudumu la juu. Nikaivuta kuja kwangu. Ikaja vizuri kwenye mkato, inchi moja, inchi mbili, inateleza yenyewe, nikawa hata napiga mluzi. Halafu, ti.

Meno yamegota kitu.

Nikasema ni utomvu na unga wa mbao vimeziba mkato. Nikavuta tena. Ti. Nikavuta kwa nguvu kidogo, reli nzima ikaitikia. Nikawaza, mbona reli inaitikia? Mkono mmoja bado umeshika bledi, nikainama kuchungulia mdomo wa mkato. Kichwa kikashuka mpaka usawa wa meza. Nikaiona reli. Nikauona mkato unaishia nyuma ya reli. Nikaziona bolti zangu mbili, nyekundu kidogo shingoni. Akili ilifika, ndugu zangu, ila ilifika wakati nimeshauachia ule mkono.

Bledi ya inchi 93 ikitolewa kwenye gurudumu haikai kama kamba. Ni chuma cha springi, inataka kufunguka. Sehemu ya juu ikaruka mbele, ikapita juu ya kichwa changu, ikatua mgongoni. Mbele yangu bledi imeshikwa na mkato na reli. Chini imebaki kwenye boksi la gurudumu. Nyuma imenilalia kwenye mabega. Nimo ndani ya duara, nimeinama, pua iko sentimita chache kutoka mezani.

Nikajaribu kujinyanyua taratibu. Meno ya bledi ya kuchana yana ndoano, yanaelekea upande mmoja. Ukienda nayo yanakuacha, ukienda kinyume yanakamata. Mimi kupanda ndiyo kinyume. Nikasikia jezi mgongoni inasema krrr, uzi baada ya uzi. Nikashuka. Yakaachia moja, yakakamata mengine matatu. Nikatulia. Ngozi bado nzima, ila nilikuwa naihesabu.

"Dogo. Leta spana ya kumi na tatu."

Dogo akaleta ya kumi na nne. Nikamwambia kumi na tatu. Akarudi na spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo. Sawa, funga hiyo hiyo. Akavuta. Bolti hata haikupumua. Akavuta kwa mikono miwili, meza ikasogea, mimi nikasogea nayo.

"Fundi, imegoma."

Najua imegoma. Nimelipia igome.

Ndipo nikasikia kandambili. Mtu anaingia, anasimama. Kwa chini naona ncha za khanga na vidole vya mguu vyenye hina. Ni mama wa kitanda. Nifanye nini? Nimelelewa. Huwezi kukaa kimya mbele ya mtu wa umri wa mama yako kwa sababu tu una msumeno shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Kimya. "Unatafuta nini huko chini?"

"Naangalia kitu kidogo, mama."

"Nikusubiri?"

"Karibu kiti, mama. Dogo, mpe mama kiti."

Na dogo akaniacha, akaenda kufuta kiti vumbi.

Hapo ndipo yule mwananchi wa jirani alipotokea, simu tayari iko juu. Hakuuliza nimeumia wapi. Aliuliza, "Mnyama, mechi saa ngapi?" Nyuma yake wakaja wa duka la gundi, wa sofa, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, kila mtu na ushauri wake. Mmoja akashauri nigeuke. Mwingine akashauri nisigeuke. Dogo akarudi na mkasi wa bati: "Fundi, nikate bledi?" Bledi ile ilikuwa bado kali, sijaila hata nusu, na kuiunga upya ni pesa. Nikasema usithubutu. Fundi cherehani akatoa mkasi wake mfukoni, akauliza kwa upole, "Basi nikate wapi?"

Nyie mnaojua bei ya jezi halisi mtanielewa kwa nini nilichelewa kujibu. Kwa nyuma, kwaya ikaanza: "Kata jezi! Kata jezi!" Anayeongoza mnamjua.

Akakata, kuanzia kiunoni mpaka kolani, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kitambaa. Nikatoka kwa kurudi nyuma, nikapita chini ya duara, nikasimama wima mbele ya mama mteja tumbo wazi, glavu mkononi. Yale mengine ya kwamba nililia ni uongo. Unga wa mbao uliingia jichoni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Moto wa gesi sikuutumia, karakana nzima ni maranda, na chuma cha kusubu kikipashwa upande mmoja kinaweza kupasuka. Nilichukua chuma kikubwa cha kulehemu, nikakibandika kwenye kichwa cha bolti mpaka gundi ikalainika, nikazungusha ikiwa bado ya moto. Zikatoka zote mbili. Mahali pa bolti nimeweka stadi za M8 (bolti zisizo na kichwa) na nati zenye masikio, reli inatoka kwa vidole. Nikaongeza pini mbili za milimita 6 kwenye ukingo wa meza, zinaingia kwenye matundu ya reli bila kucheza, kwa hiyo kila ikirudi inarudi palepale, huanzi kunyoosha upya. Kwenye reli nimetoboa tundu la kupitisha kichwa cha kile kipini, kimetoka kwenye kopo kimerudi kazini. Kabla ya kubadilisha bledi unachomoa kipini kwanza, halafu reli. Nati zikilegea kwa mtetemo, wekeni washa ya springi. Gundi hapana. Msiniletee habari za gundi.

Bledi ya robo inchi ikaingia, mawimbi yakakatwa siku hiyohiyo kwa mkono bila fensi, mazuri tu. Kilichobaki ilikuwa bei. Mama akaniangalia juu mpaka chini, akasema bei niliyomtajia mwanzo ilikuwa ya fundi aliyevaa nguo. Nikashusha.