Fao la kukosa ajira na hesabu za mwajiri Tanga

Hoja inayosikika sana kwa waajiri ni kwamba fao la kukosa ajira, lililoingizwa kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa mabadiliko ya sheria ya 2018, litawafanya watu wabweteke. Tupige hesabu. Mchomaji wa tanuru la chokaa upande wa Amboni analipwa, tuseme, 450,000 kwa mwezi. Akipunguzwa kazini baada ya kuchangia miezi 18 au zaidi, fao ni asilimia 33.3 ya mshahara: kama 150,000 kwa mwezi, kwa miezi sita basi. Kwa hela hiyo, nani abweteke?

Upande wa kampuni kuna faida isiyosemwa sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa majimbo yalipoongeza fao, kampuni zilithubutu kukopa zaidi, kwani wafanyakazi hawakuhitaji kulipwa ziada ili wakubali kazi yenye hatari ya kupunguzwa. Lakini huko, kampuni inayopunguza watu mara kwa mara hupandishiwa kodi ya bima hiyo. Kwetu mchango wote wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, sawa kwa anayeachisha watu kila soko likilegea na kwa anayewatunza. Hapo wakosoaji wana haki: mwajiri makini anambeba mwenzake.

Hata hivyo kupunguza watu si bure. Mchomaji wetu akiwa na miaka minne kazini, kiinua mgongo ni siku saba kwa kila mwaka, yaani siku 28. Ukigawa mshahara kwa siku 26, inafika karibu 484,600, mbali na notisi. Ghali zaidi ni ujuzi. Soko likirudi, mgeni akishika tanuru, moto ukipungua jiwe hubaki na kiini kibichi. Ukizidi, chokaa hukawia kulainika ikitiwa maji. Mteja hurudisha mzigo, na hasara hiyo haiandikwi kwenye fungu la mishahara.

Fao lenyewe hukwama kwa mambo mawili. Kwanza, michango iliyokatwa lakini haikupelekwa: miezi hiyo haisomeki, na mtu aliyedhani ana 20 anakutwa na 14, hivyo anaangukia malipo ya mara moja ya asilimia 50 ya michango yake. Pili, barua inayosema ameacha kazi mwenyewe, maana aliyejiuzulu hapati. Mwajiri anayeandika hivyo ili kukwepa notisi ajue kuwa mfanyakazi ana siku 30 za kufungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).