Kabla hujamuuliza namba, msalimie kwanza

Siku tuliyomwekea mwanangu mwenye kisukari sensa ya sukari, yaani kile kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi kikapima sukari muda wote na kutuma namba kwenye simu, mara ya kwanza mimi ndo nilikuwa na furaha kuliko yeye, maana vile vidole vilikuwa vimetobolewa mpaka ncha zimekuwa ngumu nikasema sasa atapumzika. Yeye akakitazama kile kifaa cha kubandikia akaniuliza, "Mama, sindano itabaki ndani?" Jamani, kumbe hakuna aliyemweleza! Sindano inaingia na kutoka hapohapo, kinachobaki chini ya ngozi ni kiuzi chembamba laini. Nikamwambia achague mkono, akachagua wa kushoto, akahesabu mwenyewe, alipofika mbili akasema ngoja kwanza, basi tukangoja.

Shida ilianza baadaye na aliyeianzisha ni mimi. Namba inabadilika kwenye simu kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, na mzazi ukishaanza kuiangalia huachi, mtoto anaingia mlangoni hata begi hajatua naanza "umekula nini, mbona kishale kinapanda?" (kile kishale cha kwenye simu kinachoonyesha sukari inaelekea wapi). Siku moja nikaikuta simu yake imefichwa chini ya mto. Iliniuma sana. Mimi naamini kabisa mtoto akiona ile namba ni ya kumshitaki ataichukia sensa na atatuficha mengi, kwa hiyo kwetu hatusemi tena sukari nzuri au mbaya, tunasema iko juu au iko chini, basi, halafu tunafanya kinachotakiwa.

Kingine, msikilizeni mtoto kuliko simu. Sensa haipimi damu yenyewe, inapima yale majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, ndo maana inachelewa kidogo, hasa sukari ikiwa inashuka au inapanda kwa kasi. Akisema anatetemeka na simu inaonyesha yuko sawa, mwamini yeye, toboa kidole upime, na kama huna cha kupimia papo hapo mpe sukari usingoje. Na usiku kuna ile ya kulalia mkono wenye sensa, ikigandamizwa inasoma chini kuliko sukari ilivyo: saa nane alamu inalia 3.1 (kwa kipimo cha mmol/L), yaani chini ya 3.9 ambayo ndo mstari wa sukari kushuka, nimekurupuka nimetoboa kidole nakuta 6.4, nikamgeuza taratibu na baada ya muda namba ikapanda yenyewe. Ila usizoee ukasema ah kaulalia tu, pima kila mara.

Siku hizi akirudi shule namuuliza alicheza na nani, namba naichungulia kimyakimya kwenye simu yangu, na mara nyingi yeye mwenyewe ndo ananiambia "mama, nashuka" kabla hata alamu haijalia.