Nilikuwa Nimeshinda Mpaka Binti Akaomba Daftari

Sheria ya sataranji haina utata: mchezaji akikubali kwa kinywa chake kwamba ameshindwa, mchezo umekwisha palepale na mwenzake ndiye mshindi. Hiyo ni sheria ya FIDE, shirikisho la dunia, sikuitunga mimi. Naitanguliza kwa sababu Jumapili ile kule Dunga, ufuoni Kisumu, hakuna aliyetaka kuisikia.

Mpinzani wangu, Jaduong', yaani Mzee kwa Kijaluo, alimlaza mfalme wake chali, akanipa mkono, akasema, "Omera, leo umenipata." Ni mstaafu wa reli, mkono wake hautoi ovyo. Ubaoni nilikuwa nimebaki na mfalme, askofu na askari mmoja. Huyo askari kusema kweli ni kizibo cha soda kilichoota kutu ukingoni, kwa maana askari mwenyewe alitumbukia ziwani zamani. Jaduong' alikuwa na mfalme peke yake. Dau letu lilikuwa samaki ngege mzima wa kukaanga na ugali na mboga ya osuga, mlipaji akiwa aliyeshindwa. Nikamwita mama wa samaki, nikamwonyesha kwa kidole yule niliyemtaka, mnene, amechanjwa ubavuni chumvi ikaingia hadi mfupani.

Kilichoniponza ni daftari. Huwa naandika kila hatua, yangu na ya mwenzangu, ili siku mtu akikana nimfungulie ukurasa. Binti wa mama wa samaki, yuko kidato cha pili, alikuwa anasuuza sahani. Akajifuta mikono kwenye leso, akasogea.

"Anko, naomba nione hizo hatua."

Nikampa, tena kwa maringo. Nilidhani anataka kujifunza.

Akapanga ubao upya bila kusema neno. Watazamaji wakakaribia. Wengi wao ni watu wa drafti, na mchezo mzima walikuwa wakinipigia kelele, "Kula ni lazima!" Kwenye drafti, ndiyo, ni lazima. Kwenye sataranji unaweza kuona chakula ukapita zako.

"Hatua ya nne," binti akasema, "umesogeza askari wa safu ya g."

"Namfungulia askofu njia."

"Sawa. Na yule askofu mwingine umemweka mraba wa g4, amembana farasi wa babu, kwa sababu farasi akiondoka malkia ataliwa."

"Hasa!" Angalau mtu mmoja alikuwa ameuelewa ufundi wangu.

"Na akiondoka hivyo hivyo?" Akamnyanyua farasi wa Jaduong', akala askari wangu wa e5, akamwacha malkia wazi kabisa. "Ungefanya nini?"

Jamani. Malkia wa bure. "Ningemla!"

"Kula ni lazima!" kijiwe kikaitikia.

Nikamla. Askofu wake akaja akala askari wa f7, cheki, yaani mfalme wangu anatishiwa. Mfalme wangu alikuwa na mahali pamoja tu pa kukimbilia, e7, akakimbilia hapo. Farasi wa pili akatua d5. Chekimeti, hatua ya saba. Nimemshika malkia wa watu mkononi na mfalme wangu hana pa kuweka mguu.

"Ni mtego wa Légal," binti akasema. "Mfaransa wa karne ya 18, mwalimu wa bingwa Philidor. Kwenye klabu ya shule tunaanza na huo."

Macho yalimtoka Jaduong'. "Nyara, unaniambia huyu alikuwa maiti hatua ya tano, na mimi nimekaa hapa jua lote namsikiliza akipiga miluzi?"

"Wewe ulisogeza askari wa h, babu."

"Reli ilifika Kisumu 1901," mzee akawageukia watu, "na mtego huu ulikuwa tayari umezeeka! Hakuna aliyeniambia!"

Nikajitetea. Nikasema si lazima ningemla malkia. Binti akakubali upesi: ningemla yule farasi kwa askari wa d, ningepoteza askari mmoja tu na mchezo ungeendelea. "Lakini anko, umeshasema ungemla malkia. Tumesikia wote." Wakatikisa vichwa. Msimamo wangu hata leo ni kwamba kosa ambalo mwenzako hakuliona ni siri, na siri haiandikiwi matokeo.

Akatoa simu ya mamake, akaingiza hatua zote kwenye programu ya kuchambua sataranji inayotumia injini ya Stockfish. Programu ile ni ya bure na haina adabu. Mchezaji akiboronga inambandikia alama mbili za kuuliza. Yeye akazinakili kwa kalamu kwenye daftari langu. Hatua ya 19 Jaduong' alimwacha malkia mbele ya farasi wangu: alama mbili. Hatua hiyohiyo mimi nikasogeza askari wa pembeni: alama mbili. Ya 20 malkia bado yupo palepale, nami nikasogeza askari mwingine: mbili tena. Ukurasa wangu ukawa umejaa maswali tupu, ungedhani nimeandika maelezo kituo cha polisi.

Mama wa samaki akauliza kama mafuta yawekwe motoni. Nikasema ndiyo. Jaduong' akasema, "Ngoja kwanza."

Hapo binti alikuwa amefika mwisho wa mchezo.

"Babu, kwa nini ulikubali kushindwa?"

"Ana askofu na askari. Mimi nina nini?"

"Una kona." Akagonga h1 kwa ukucha. "Askari wake akifika mwisho wa ubao atageuka malkia hapa, na hapa ni mraba mweupe. Askofu wake anatembea kwenye nyeusi tu, hawezi kukufukuza. Wewe kaa, nenda g1, rudi h1. Akikubana ukakosa pa kwenda na hajakupa cheki, ni sare. Hawezi kushinda hata mkicheza mpaka Krismasi." Kisha akanigeukia, kwa upole uliozidi matusi. "Askofu wa mraba mweupe ndiye yule uliyembadilisha na farasi hatua ya tano, anko."

Nikawasomea sheria. Nikataja FIDE. Mtu nyuma akauliza kama FIDE wana ofisi Kisumu.

Tukalazimishwa kucheza kutoka palepale. Kuna kanuni kwamba kila mmoja akicheza hatua 50 bila askari kusogea na bila kitu kuliwa, mchezaji anaweza kudai sare, kwa hiyo akateuliwa mtu wa kuhesabu, kijana wa bodaboda. Mimi nikamzungusha askofu ubao mzima nikitumaini mzee atasinzia. Yeye g1, h1, g1, h1, anacheka peke yake. Hesabu ilipofika thelathini na ngapi sijui, mwenye bodaboda akapata abiria wa Kondele, akawasha akaondoka. Aliyeshika nafasi yake akaanza, "Moja!"

Ni mama wa samaki aliyekata kesi. Alikuja na kijiko kikubwa cha kukaangia mkononi, mafuta yakidondoka mchangani.

"Samaki wangu anaharibika. Nani analipa?"

"Ni sare, mama," bintiye akamwambia.

"Sare ni nini? Mimi samaki ana bei moja." Akautazama ubao, mara moja tu. "Kati yao wawili, nani amebaki na mali?"

Vidole vyote vikanigeukia. Hata cha Jaduong'.

"Ana askofu, ana na kizibo," mmoja akafafanua.

"Si basi huyo ndiye anajiweza. Mzee wa watu hana hata askari, mnataka alipe na nini?"

Nikatoa simu nikalipa. Jaduong' akavuta sahani upande wake, akamega ugali, akamwambia binti alete na sahani nyingine, "ya huyu mshindi."