Nikaha Kwanza, Ukumbi Utasubiri

Mdogo wangu ameolewa tangu Desemba, lakini nusu ya mtaa wetu hapa Chikongola wanaendelea kumwita mchumba. Hawakuona turubai, hawakusikia ngoma, pilau hawakula. Akipita kwenda gengeni anaulizwa, "Harusi lini, bibi?" Akijibu kwamba ameshaolewa, anatazamwa kama mtu anayeficha jambo. Mimi ndiye niliyeshikilia ndoa ifungwe namna ile, na hata leo nikiulizwa nitashikilia hivyo hivyo.

Mume wake ni kijana wa hapa hapa Mtwara aliyekwenda Uingereza kusoma, akapata kazi, na baada ya miaka akapewa ukaazi wa kudumu. Posa ililetwa, barua ikajibiwa, mahari ikatajwa. Hapo kila mtu akaanza kupanga tarehe kwa hesabu zake. Kwetu Kusini minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakiingia, kadi za michango nazo zinaanza kutembea. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye mtoto hata kama wali wa kumwozesha ni baba mkubwa, alitaka tungoje hela za korosho. Mama alitaka kabla ya Ramadhani. Shemeji alikuwa na likizo ya wiki tatu tu. Hakuna aliyeuliza tarehe hiyo itafanya nini kwenye karatasi za binti.

Akatokea mtu anayewajazia watu fomu za viza. Akasema: fungeni nikaha kimya kimya nyumbani, binti aombe viza ya mchumba, akifika kule waandikishane serikalini. "Nikaha si ya dini tu?" Shemeji mwenyewe alikubali, na simlaumu, maana huko anakoishi ndivyo ilivyo. Uingereza nikaha peke yake sheria haiitambui, mpaka wawili hao wafunge pia ndoa ya kisheria. Hapa kwetu mambo ni mengine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya dini sawasawa na ile ya bomani, na shehe mwenye leseni akijaza cheti, hicho ni cheti cha serikali. Ukifungishwa ndoa Mtwara umeolewa, mbele ya Mungu na mbele ya afisa wa viza. Ukiandika kwenye fomu kwamba hujaolewa, umedanganya kwa mkono wako na sahihi yako. Waingereza wakikushika na udanganyifu kwenye maombi ya viza wanaweza kukufungia mlango miaka 10. Yule mjaza fomu hili hakulitaja.

Na hata bila uongo, viza yenyewe ya mchumba ina nini cha kukimbilia? Unapewa miezi 6, ndani yake mfunge ndoa, na muda wote huo huruhusiwi kufanya kazi. Mkishaoana mnalipa tena ada kuomba kibali cha mke. Mdogo wangu ni muuguzi. Akae nusu mwaka kwenye chumba cha watu akiangalia dirishani, na mikono yake inajua kazi? Anayeombewa akiwa mke anapewa miaka 2 na miezi 9, na anaruhusiwa kazi tangu siku anayotua.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ule uchumba wa kungoja viza. Binti akishaposwa, hakuna mwingine atakayebisha hodi. Wakati huo huo yeye si mke. Mwanamume akibadili mawazo huko aliko, au Mungu akimchukua, binti hana pa kushika. Nina rafiki wa rika langu aliyengoja miaka minne kwa ahadi ya "karatasi zikitoka tu". Zilipotoka, kijana alikuwa na mtu mwingine. Ile miaka hakuna aliyemrudishia.

Nakubali wapo ambao lazima wangoje. Mzazi mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani akimwombea mwanawe asiyeoa, kisha mwana akaoa kabla mzazi hajapata uraia, maombi yale yanakufa siku hiyo hiyo. Kijana wa namna hiyo simwambii aoe kesho. Namwambia aliseme jambo hilo wazi siku ya posa, wazee wote wakiwa wamekaa, ili binti achague mwenyewe kungoja au kutongoja.

Sisi tulipanga kwa kufuata karatasi. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayemwombea mke kuingia Uingereza anatakiwa awe na kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka. Awali ilikuwa 18,600. Shemeji alikuwa amebadili kazi mwezi Juni, na hati zake za mshahara za miezi 6, za kuthibitisha kipato hicho, zilitimia Desemba. Basi ikawa Desemba. Taarifa ya kusudio la kuoana tuliipeleka Novemba, kwa kuwa sheria inataka siku 21.

Nikaha ilifungwa sebuleni baada ya alasiri, watu kumi na wanane, kahawa na haluwa. Nilisimama begani kwa shehe nikiwa na pasipoti mbili mkononi. Nilikuwa nimemwomba ayaandike majina kwanza kwenye karatasi ya kawaida, na heri nilifanya hivyo. Jina la baba wa bwana harusi aliliandika "Saidi", kama tunavyolitamka sote huku. Kwenye pasipoti ni "Said". Shehe akaweka kalamu chini, akavaa miwani, akaisoma ile pasipoti herufi moja moja kwa sauti, ndipo akafungua kitabu cha vyeti. Herufi moja ya ziada ingetutafutia viapo, wakili, na safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar.

Aliyeumia ni mama. Miaka ishirini amechangia harusi za wenzake, na mchango kwetu ni deni, siku yako ikifika unalipwa. Siku yake haijafika. Usiku ule baada ya wageni kuondoka aliniambia, "Nitakufa sijamtoa mwanangu." Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikaa naye jikoni tukaosha vikombe.

Sasa mtihani wa Kiingereza umekwisha. Kipimo cha kifua kikuu tulikiacha mwisho kwa makusudi, maana cheti chake kinaishi miezi 6 tu. Anakwenda Dar wiki ijayo. Juzi mama amelitoa daftari lake la michango kabatini, akawa anapitisha kidole kwenye majina. Kwenye ukurasa mtupu ameandika "Oktoba". Nimemwambia Oktoba inafaa, iwe binti bado yuko hapa au amekuja na mumewe kutembea. Korosho zitakuwa mnadani.