Senta mrefu au gadi mfupi? Vipaji vya kikapu UMISSETA mkoa wa Dodoma

Kila UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa ikiisha hapa Dom ubishi ni ule ule, nani apande na timu ya mkoa kwenda taifa na nani arudi shuleni kwake, na safari hii kwenye kikapu cha wavulana ubishi umekaa kwa madogo wawili. Mmoja ni senta, yule anayecheza karibu na ringi, wa upande wa Kondoa, mrefu kweli kweli, kwa macho tu mi nampa mita 1.95 hivi. Mwingine ni gadi, yule anayeongoza mpira toka nyuma, wa hapa hapa mjini, mfupi, ndo aliyekuwa anashangiliwa kuliko wote maana karibu kila mechi alifunga pointi nyingi kuliko mtu yeyote uwanjani. Majina siyaweki, bado ni watoto wa shule. Ninachotaka tuzipime hoja za pande zote mbili kwa utulivu, kwa sababu naona hata walimu na wadau wanaojua mpira wanabishana kwa kelele huku wote wanatazama vitu viwili tu, urefu na pointi, na vyote viwili kwenye mashindano ya shule vinadanganya sana.

Tuanze na wanaomtaka senta. Hoja yao ni nzito na mtu asiidharau: urefu haufundishwi. Ringi iko mita 3.05 toka chini, Kondoa ni hiyo hiyo na Chicago ni hiyo hiyo, kocha anaweza kumfundisha mtu kudribo, kupiga, kukaba, ila hakuna kocha wa kumuongezea mtoto sentimita kumi. Halafu wanakutajia Hasheem Thabeet, na wana haki ya kumtaja, jamaa alianza kikapu akiwa na miaka kama 15 pale Dar, akapita Kenya, akaenda Houston kumalizia sekondari kwenye shule ndogo tu inaitwa Cypress Community Christian, akaingia chuo cha Connecticut, na 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2 kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden aliyekuwa namba 3 na Stephen Curry aliyekuwa namba 7, ambao baadaye wote wakawa nyota wakubwa. Yaani kutoka hajui kikapu mpaka namba 2 kwenye drafti ni kama miaka saba. Urefu wake mita 2.21. Na si yeye peke yake, Hakeem Olajuwon, senta nyota wa zamani wa NBA, alikuwa anacheza handiboli Lagos mpaka alipofika miaka 15, Joel Embiid naye pale Cameroon alianza kikapu akiwa na umri kama huo na 2014 akachukuliwa namba 3. Kwa hapa kwetu yupo pia Atiki Ally Atiki wa Mwanza, kijana mrefu aliyepitia akademi Canada akafika chuo cha BYU kule Utah, Marekani, 2021, kwa hiyo hata ile habari kwamba lazima uwe umekulia Dar imeshafutika.

Sasa ukisikiliza hiyo orodha unaona kabisa dogo wa Kondoa apande, tena leo. Ila simulizi ya Thabeet ina upande wa pili ambao watu wanaupita haraka. Februari 2009, miezi michache kabla ya hiyo drafti, Connecticut wakiwa namba 1 Marekani kwa vyuo walikutana na Pittsburgh, na pale Pittsburgh kulikuwa na dogo anaitwa DeJuan Blair, urefu wake mita 2.01, Thabeet anamzidi sentimita ishirini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira iliyokosa ringi akaidaka yeye, Thabeet pointi 5 ribaundi 4, na Connecticut wakapigwa. Blair alifanyaje? Alikuwa anawahi. Kabla mpira haujagusa ringi yeye ameshaweka makalio kwenye mapaja ya Thabeet na kumsukuma mbali na ubao, sasa urefu wako unausaidiaje wakati umesimama nje kabisa ya eneo? Lakini angalia maskauti wa NBA walifanya nini baada ya kuona hayo yote: Thabeet namba 2, Blair namba 37, ingawa msimu ule wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza. Sababu mojawapo kubwa ya Blair kushuka ilikuwa magoti yake, ila sababu nyingine ni hiyo hiyo, urefu unanunuliwa bei juu. Thabeet akacheza NBA misimu mitano na wastani wake ukaishia pointi 2.2 kwa mechi. Namheshimu mno, ni Mtanzania wa kwanza kufika kule na amewafungulia njia wengi, ninachosema ni kwamba urefu ndo uliompitisha mlangoni, ila kukaa ndani kunataka miguu, mikono na nguvu.

Kwa hiyo mi kwa huyu dogo wetu sikuangalia kichwa kimefika wapi, niliangalia mikono na miguu. Mikono yake ni mizuri, aisee mizuri sana, pasi ya chini inayokuja kwa kasi anaidaka kwa vidole, haimgongi kifuani, na kwa mtu aliyeanza kikapu juzi juzi hicho ni kitu adimu kuliko hata huo urefu. Tatizo linakuja baada ya kudaka. Akichukua ribaundi anaushusha mpira mpaka kiunoni, pale pale gadi wa timu pinzani anaupokonya, na hilo lilimtokea kila mechi niliyomuona, anafanya kazi ngumu ya juu halafu anawagawia wafupi chini. Hili linafundishika ndani ya wiki mbili, unamwambia mpira usishuke chini ya kidevu, viwiko nje, unamrudia mpaka anachoka. Miguu ndo inanipa mashaka zaidi. Akigeuka anahitaji hatua tatu pale mwenzake anapohitaji moja, na timu pinzani ikikimbia anafika nusu ya uwanja wakati wenzake wameshafungwa. Inaweza kuwa ni pumzi tu, anatoka kwenye shule ambayo mazoezi ni mara chache, inaweza kuwa amerefuka ghafla na mwili bado haujazoea, lakini lazima mtu ajue ni ipi kati ya hizo mbili kabla hajamuita kipaji cha taifa.

Haya, gadi. Wanaomtaka wanasema jambo la kweli kabisa, kwamba mashindano ni kushinda na huyu ndo anayeshinda. Timu ya mkoa inakaa kambini muda mfupi mno, hamna muda wa kumfundisha mtu kikapu kambini, unapanda na wanaojua tayari, kule taifa unakutana na Dar, Mwanza, Arusha, watoto ambao wengine wamekulia kwenye viwanja vya Don Bosco toka wadogo, ukiwapelekea senta anayejifunza wanamfanya uchochoro. Na wanaongeza kwamba wafupi ndo wanaoachwa kila siku, mrefu asiyejua anapewa nafasi tano na mfupi anayejua anapewa moja. Hapo nawaunga mkono. Curry mwenyewe alipomaliza sekondari vyuo vikubwa vilimuona mwembamba, akaishia Davidson, chuo kidogo tu.

Lakini hizo pointi za dogo tuzichambue. Uwanja ni wa sementi, wa nje, na huu msimu wa UMISSETA ndo msimu wa upepo hapa kwetu, Mei na Juni ule upepo wa Dom unapiga na vumbi lake, shuti ya mbali inapinda hewani unaiona kwa macho. Mtu yeyote mwenye akili hapigi pointi tatu kwenye hali ile, kwa hiyo mchezo mzima unageuka kuwa nani anapokonya na kukimbia, na vikapu vingi vya huyu dogo vilikuja hivyo, amepokonya, amekimbia peke yake, ameweka. Mbele ya timu iliyojipanga mtu na mtu na inayorudi haraka hivyo vikapu vinapungua, na kwenye mechi ngumu pekee aliyocheza, walipomuwekea mtu wa kumlazimisha aende kushoto, alikwama, maana mkono wa kushoto hauamini kabisa, anaenda hatua mbili anarudi kulia. Upande mwingine upepo huo huo unamnyima haki, hatujui shuti yake ikoje, mkunjo wa mkono wake ni safi, kiwiko kiko chini ya mpira, mguu unaanza kabla ya mkono, ukimpeleka ndani ya ukumbi usiokuwa na upepo unaweza kukuta ni mpigaji mzuri tu. Kumhukumu shuti kwa mashindano haya, iwe kwa kumsifu au kumponda, ni kubahatisha.

Kitu kilichonifanya nimpende ni kingine kabisa na wengi hawakukiona. Timu yake ikiwa inaongoza, dakika za mwisho, alikuwa anatoa mpira. Alimuona mwenzake amesimama kwenye kona peke yake akampa, yule akakosa, mara ya pili akampa tena yule yule. Gadi wa shule anayefunga sana kwa kawaida mtu akikosa mara moja hampi tena mpaka mechi iishe. Huo ni uamuzi wa mtu anayeelewa mchezo, na hauathiriwi na upepo wala udhaifu wa mpinzani.

Sasa kuna swali ambalo kambi zote mbili zinaliogopa, umri. Mamluki, yaani watu wanaochezeshwa wakati si wanafunzi halali, kwenye UMISSETA ni wimbo wa kila mwaka na wala sio wao tu ninaowasema hapa, wapo watoto halali kabisa ambao walichelewa kuanza shule, vijijini huko mtoto anaanza darasa la kwanza na miaka tisa kumi, akifika kidato cha nne ana ishirini. Huyo hana kosa lolote na acheze. Ila kwenye kupima kipaji, mtu wa miaka 19 mwenye mita 1.95 na mtu wa miaka 16 mwenye mita 1.88 ni vitu viwili tofauti, wa kwanza ameshafika, wa pili bado ana safari. Anthony Davis alianza sekondari akiwa gadi wa kawaida, akarefuka ghafla katikati ya shule kwa kama sentimita ishirini, na mwaka 2012 akawa namba 1 kwenye drafti, huku akiwa bado na mikono ya gadi. Wanaopanga timu mjini hapa sijawaona wakiandika kwenye karatasi mwaka wa kuzaliwa, urefu uliopimwa kwa futi ya kweli, na mtoto ameanza kikapu lini. Hivyo vitu vitatu tu vingemaliza nusu ya ubishi huu. Gadi wetu anacheza toka shule ya msingi, senta ana muda mfupi sana, kwa hiyo wakiwa sawa leo hawako sawa kabisa.

Na nikiwa hapo hapo, kuna kundi zima halikujadiliwa. Wasichana. Warefu wote wanapelekwa netiboli, anawekwa mfungaji au mlinzi wa goli na hapo ndo mwisho, kikapu kinabaki na waliokosa nafasi. Naelewa kwanini, netiboli ina walimu wengi zaidi, ina historia, na mkoa unataka vikombe. Lakini mcheza netiboli ndo mtu wa kumgeuza kikapu kirahisi kuliko wote, kwa sababu sheria ya miguu ya netiboli inambana kutua vizuri na kuzunguka kwa mguu mmoja, na haruhusiwi kudribo kwa hiyo kazoea kutafuta pasi mapema. Nilimuona mmoja, kidato cha tatu, amecheza michezo yote miwili, anadaka hewani anatua ameshageuka, kile ambacho senta wetu wa Kondoa anahangaika nacho yeye anafanya bila kufikiri. Na alikuwa anachezea mpira wa saizi 7 wa wavulana badala ya saizi 6, halafu watu wanasema wasichana hawana shuti.

Msimamo wangu sasa. Kama lengo ni kushinda mwaka huu tu, gadi anapanda bila mjadala na senta anabaki. Lakini UMISSETA haikuwekwa kwa ajili ya kombe peke yake, ni mahali pekee ambapo mtoto wa Kondoa, Mpwapwa au Chemba anaonekana na mtu wa nje ya wilaya yake, akikosa hapo anamaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja na hutomsikia tena, wakati gadi wa mjini hata akikosa ana viwanja, ana klabu, jioni akienda Chinangali anakuta watu wakubwa wa kucheza nao. Kwa hiyo mi ningewachukua wote wawili na kumuacha yule fowadi wa akiba ambaye amechukuliwa kwa sababu ni mzoefu, maana tunajua tayari atafika wapi. Gadi aanze, acheze dakika nyingi, na kambini alazimishwe mkono wa kushoto kila asubuhi. Senta apewe dakika tano tano kila kipindi, kazi yake iwe ni mbili tu, kukaa mbele ya mtu wake kabla ya ribaundi na kuuweka mpira juu ya kidevu, na kabla hawajapanda gari mwalimu wake aulizwe jamani huyu mtoto alikuwa na urefu gani mwaka jana.